Miguu ya Remorki

Mwaka ule tulikula ugali mweusi. Ukimwambia mtu wa Baraka, mji wetu kando ya ziwa, "mwaka wa ugali mweusi", hahitaji kalenda tena. Ziwa lilipanda likaingia mashambani, mihogo ikaanza kuoza ardhini kabla ya kukomaa, nasi tukaingia majini mpaka magotini kuing'oa kabla ziwa halijaila yote. Muhogo wa namna hiyo hata uuloweke, uuanike, uuombee, unga wake unatoka na rangi ya majivu na harufu ya kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, hawakukosekana. Tulikula ndagala asubuhi, tukala ndagala jioni, na katikati ya sahani kile kilima cheusi. Wajukuu wangu walikuwa wakikiona wanalia. Mimi nilimega, nikachovya, nikameza bila kutafuna sana. Nimeshakula vibaya zaidi.

Ni mwaka huohuo ziwa lilipochukua nyumba yangu. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama jirani mwombaji: leo uwanja, kesho choo, keshokutwa jikoni. Ukuta wa nyuma ukalainika kama mkate ndani ya chai, kisha ukakaa chini. Tuliwahi kushusha manjanja, yale mabati ya paa, na milango, mengine tukaliachia ziwa. Nyumba ile niliijenga na marehemu mume wangu tuliporudi kutoka ng'ambo, Tanzania, tulikokuwa tumekimbilia vita. Matofali tulifyatua wenyewe, kwa miguu yetu na udongo wetu. Ilipoanguka sikulia. Watu wakasema mama huyu ana moyo wa jiwe. Si jiwe. Mtu akichoka sana halii, anakaa tu.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akatukatia kipande cha parsele, kiwanja chake, juu ya barabara, upande wa mlima. Huko maji hayafiki hata yakitaka. Lakini ni mteremko ambao mbuzi tu ndio wanaupenda. Tukafunga shitingi, turubai la plastiki, juu ya miti, mimi na binti yangu wa mwisho, ambaye anauza ndagala sokoni, pamoja na watoto wake, tukaishi chini yake tukitega vyombo kila mvua ikija. Mimi na binti yangu tulikandika jiko dogo la udongo pembeni, tukaliezeka kwa manjanja tuliyookoa na kulitia mlango mmoja wa nyumba ya zamani na fremu yake, maana mwanamke anaweza kulala popote lakini hawezi kupika popote.

Ndipo kifungua mimba wangu alipoingia katika mambo hayo. Niseme bila haya: huyo ni mwanaume ambaye mama yeyote wa Fizi angeniibia kama angeweza. Hanywi, hatukani, anaendesha malori makubwa kwa watu wanaotengeneza barabara kule Uvira. Kampuni moja ilikuwa imemaliza kazi yake na inaacha vitu, akapata remorki. Usidhani ni remorki ya kubebea mchanga. Hii ni nyumba nzima ya bati jeupe juu ya magurudumu mawili, gari linaikokota kwa pua ya chuma iliyochongoka mbele. Ma-injinia walikuwa wanalala humo wakiwa mbali na mji. Ndani kuna vitanda, meza inayokunjwa ukutani, jiko la gazi, hata beseni la kunawia ambalo halijui maji yanatoka wapi. Madirisha yake madogo kama ya ndege.

Alipoifikisha kwetu, baada ya mashimo yote ya Makobola na Mboko, watu walitoka kutazama kama inaletwa maiti ya mtu mkubwa. Jirani mmoja aliuliza kama nimekuwa mzungu. Nilimjibu kwamba bado, lakini nimeanza na nyumba. Moyoni nilikuwa najivuna mpaka mgongo wangu uliacha kuuma kwa muda.

Jioni ile nikapika humo ndani mara ya kwanza. Nikamimina mawese kwenye kikaango. Mawese yote yakakimbilia upande mmoja kama watu waliosikia risasi. Ndagala wa upande ule wakaungua wakawa mkaa, wa upande huu wakabaki macho meupe wananitazama. Mlango ukawa unajifungua wenyewe kila dakika, kama una mgeni. Tulipolala, kichwa changu kilikuwa chini na miguu juu, damu yote ikaja kunitembelea masikioni. Asubuhi nilitoka nje nikiwa nimelewa bila kuonja hata kidogo.

Mwanangu akazunguka remorki, akainama, akasugua kidevu. Akanieleza kwamba nyumba ya namna hii inatakiwa kusimamishwa sawa kwanza, na kwamba ilikuwa na miguu yake ya chuma ya kukunja, mmoja kila pembe, lakini mmoja umepotea na mwingine umeliwa na kutu. Kwa hiyo tuchague tutaisimamisha na nini. Nikadhani ni kazi ya asubuhi moja. Kumbe nilikuwa naingia chuo kikuu.

Tulianza na mawe, maana mawe ndiyo mlima wetu unazaa. Mwanangu alipanga mawe bapa chini ya gurudumu la upande wa chini. Mtoto wa binti yangu aliporuka kutoka kitandani, jiwe moja likateleza, na remorki ikashuka kwa kishindo na sufuria zangu zote. Binti yangu akasema tujaribu matairi ya zamani yaliyojazwa mchanga, kama wanavyofanya watu wanaozuia maji yasiingie uani. Hayo yalishika, lakini yalikuwa laini. Ukigeuka kitandani, nyumba nzima inageuka nawe. Nilimwambia binti yangu kwamba nimezaa watoto wangu wote bila kutikisika namna ile.

Fundi mmoja wa gari pale mjini akatuazima kriki, jeki ile fupi na nene kama chupa ya bia, inayonyanyua lori zima. Kweli ilinyanyua. Remorki ikapanda taratibu kama bibi arusi anapanda ngazi, tukashangilia. Lakini kriki ile mafuta yake yanavuja kidogo kidogo. Jioni tuko juu, asubuhi tuko chini. Mwanangu akasema kriki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia juu yake. Ikishanyanyua lazima uweke kitu kigumu chini, kisha uitoe.

Akatoa simu akanionyesha picha za vitu ambavyo watu wa Ulaya wanabeba wakisafiri na nyumba zao. Ni ngazi fupi za plastiki, za rangi ya njano. Gurudumu linapanda juu yake, linasimama kwenye kidato unachotaka. Zilifanana kabisa na miche ya sabuni ya kufulia. Nikamuuliza kama Ulaya watu wanasimamisha nyumba juu ya sabuni. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniambia kwamba hizo ni za watu wanaosimama kwenye uwanja ulio sawa, wanatafuta usawa wa upana wa kiganja. Sisi tunatafuta usawa wa kiuno cha mtu.

Likizo yake ikaisha. Akarudi Uvira, akasema nisiguse kitu, atanitafutia miguu ya kweli Bujumbura.

Shemeji hakuweza kungoja. Yeye ni fundi wa boti, na hakuna boti ya mbao pwani yetu ambayo hajaipigilia msumari. Alikuwa anapita kila siku anatazama ile remorki kama daktari anamtazama mgonjwa wa mwenzake. Siku moja akaja na mbao nene za boti, magogo mafupi, nyundo na vijana wake wa kazi. Nikamwambia mwanangu amesema tungoje. Akajibu kwamba mwanangu anajua kuendesha vitu, kuvilaza hajui.

"Shemeji, we pumuzika," akasema. "Chombo ni chombo. Leo utalala kama mutoto mu mugongo ya mama."

"Kama ni mugongo yako, shemeji, heri nilale ku mawe," nikamjibu, na vijana wake wakaangua kicheko. Shemeji na mimi tumetaniana hivyo tangu nilipoolewa, na akiacha kunitania nitajua anakufa.

Hakutumia kipimo chochote. Alichuchumaa nyuma ya remorki, akafumba jicho moja, akaitazama kwa mstari wa ziwa pale linapokutana na rasi ya Ubwari. Akasema nyanyueni, akasema shusheni, akasema gongeni hapo. Aliigeuza pua yake kutoka mlimani ikatazama barabara na ziwa, maana, alisema, boti yenye inageuzia ziwa mugongo ni boti ya kufa, inangoja kupasuliwa kuni. Akainyanyua pua ikawa juu kidogo kuliko mkia. Akazisokomeza mbao chini, moja juu ya nyingine, akazifunga kwa kabari. Ukiisukuma haikutikisika hata unywele.

Kisha akaingia ndani na ndoo ya maji, akaimwaga sakafuni. Maji yakateremka yote mpaka mkiani, yakatokea kwenye tundu ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelitoboa.

"Unaona?" akasema. "Haibakie hata tone."

Na mimi nilipiga makofi. Binti yangu alipiga makofi. Majirani walipiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni nyumba gani inayopimwa kwa kumwagiwa maji. Sisi ni watu wa ziwa. Kitu cha kusafiria kikiwa nchi kavu, macho yetu yanajua kimelala vizuri pua ikiwa juu na mkia chini, ili mvua isikiozeshe. Tuliiona remorki imelala vile, macho yakaridhika.

Mvua ilitufundisha. Maji ya paa lote yalikimbilia mkiani, na mkiani ndipo bati lilipounganishwa vibaya, na chini ya maungio hayo ndipo kitanda changu. Nikilala, godoro linateleza polepole. Asubuhi tunajikuta sote tumelundikana nyuma, mimi, wajukuu, mito, na ndizi zilizodondoka kwenye kikapu. Nilimwita shemeji aje aone. Alitazama, akasema tatizo si yeye, tatizo ni kwamba nimeweka kitanda mahali maji ya chombo yanapokusanyika. Nikamuuliza kama mimi ni samaki. Akasema samaki analalamika kidogo kuliko mimi. Akaniahidi kunichongea kata ya kuchotea maji.

Aliposema kata, mzaha uliishia hapo. Tulikumbuka kitu kimoja, kwa sababu tulikuwa pamoja.

Tulipokimbia kwenda ng'ambo, boti ilikuwa imejaa kupita kipimo. Wanaume walikaa katikati na wakubwa wa safari wakakaa puani, penye ukavu. Sisi wamama na watoto tulirundikwa mkiani. Pua ilikuwa imeinuka juu hivyohivyo, na maji yote yaliyoingia yalikuja kwetu. Binti yangu huyu wa mwisho alikuwa mgongoni, mchanga. Kifungua mimba wangu alikuwa mvulana anayeanza kubadili sauti. Alipewa bakuli la kulia chakula, akachota maji na kuyamwaga ziwani njia nzima. Hakulala, hakusema. Tulipofika, mkono wake ulikuwa umekakamaa, tukashindwa kulitoa bakuli. Halafu tukarudi. Halafu tukakimbia tena, safari hiyo kwa miguu, upande wa Fizi-centre. Tukarudi tena. Kila tulipofika mahali tulisikia neno lilelile: ni kwa muda tu. Nimezikwa na hilo neno mara nyingi kuliko udongo utakavyonizika.

Na sasa kila asubuhi, katika nyumba yangu nyeupe ambayo watu walinionea wivu, nilikuwa naamka mkiani, miguu imelowa.

Kuna mwanamke wa Burundi ambaye huwa ananiletea maharage kutoka Lusenda, kwenye kambi ya wakimbizi. Alifika huko kambi ilipofunguliwa, mwaka wa 2015, na bado yupo. Siku moja akaketi kwenye ngazi ya remorki, akavua viatu, akaitazama. Akaniuliza kama tunahama. Nikamwambia hapana, tumehamia. Akasema haifanani. Kisha, bila mimi kumuuliza, akaanza kunieleza habari ya migomba. Alipopewa kibanja chake kambini, wenzake walipanda migomba pembeni ya nyumba. Yeye akakataa. Alisema mgomba ni wa mtu anayekaa, na yeye anarudi kwao kabla haujazaa.

"Wao balikula ndizi," akasema. "Wakakata, ikachipuka tena, wakakula tena. Mi mpaka leo naendaka kununua kwao."

Alicheka, nami nikacheka, lakini hakikuwa kicheko cha kushiba. Nilimpa ndagala, akanipa maharage, akaenda zake.

Mwanangu akarudi mwishoni mwa mvua. Alileta miguu minne ya chuma, mipya, yenye mafuta bado. Kila mguu una parafujo ndefu katikati na unyayo mpana kama sahani, na mkono wa kuzungushia. Alileta pia nivo ndogo ya duara, kioo chenye kiputo cha hewa ndani. Kiputo kikikaa katikati ya duara, umefika usawa.

Alipoona kazi ya shemeji aliizunguka yote, akigonga mbao moja moja. Ni mtoto niliyemlea, hawezi kumtukana baba mdogo. Akasema mbao ni nzuri sana. Akasema ataziomba. Akazing'oa zote, akazipanga upya kama ngazi chini ya gurudumu la upande wa chini, gurudumu likapanda kidato hadi kidato mpaka nyumba ikawa sawa kushoto na kulia. Akaweka vizuizi magurudumu yasitoroke. Kisha akaja kwenye pua, akaishusha. Shemeji alikuwa amesimama pale na mikono mgongoni. Aliposhuhudia pua inashuka, akageuza uso kama mtu anayechinjiwa mbuzi wake.

"Sasa umeizamisha," akasema.

"Baba mudogo, haiendi mu maji," mwanangu akajibu kwa upole.

"Usiape. Tumeona ziwa inakuja yenyewe."

Hapo hata mimi nilicheka. Mwisho mwanangu akazungusha ile miguu minne, mmoja baada ya mwingine, mpaka nyayo zikakaa juu ya vipande vya mbao ili zisizame kwenye udongo. Alinieleza kwamba miguu hii hainyanyui, inashikilia tu. Kunyanyua ni kazi ya magurudumu na pua. Nilimsikiliza na kuelewa. Kichwa changu kilikuwa kinaelewa vitu hata kabla ya simu. Kile kiputo kikaja katikati ya duara, kikatulia kama yai kwenye kiota.

Mimi nilikuwa na kipimo changu. Nikamimina mawese kwenye sahani bapa, nikaiweka sakafuni katikati ya nyumba. Tukainama wote kutazama, na shemeji naye, shingo ndefu. Mawese yakaenea duara, yakagusa ukingo pande zote kwa pamoja, yakasimama. Kusema kweli, nilifurahi. Nilikaanga ndagala siku ile wote wakaiva sawa. Tukala, na ugali wa siku ile ulikuwa wa kununua, mweupe. Nikamwombea mwanangu kwa sauti pale mezani, na shemeji akaitika amina ingawa mdomo wake ulikuwa umejaa.

Ilikuwa baada ya kula. Mwanangu alisema tutoke nje, kuna kitu kizuri anataka kunionyesha. Akamwambia binti yangu aweke maji ya chai motoni. Akaanza. Akazungusha mguu wa kwanza, ukapanda, akaukunja chini ya tumbo la remorki. Wa pili. Wa tatu. Wa nne. Akavuta vizuizi, akashika pua, akaionyesha barabara, ambako gari lake lilikuwa limesimama. Akageuka kwangu, jasho linamtiririka, anatabasamu kama siku alipoleta cheti chake cha shule. Chai ilikuwa haijachemka.

Akaeleza. Alisema ndiyo maana alichagua miguu ya kukunja na si kitu kingine. Habari za vita za huko juu milimani si nzuri. Kila wiki kuna mtu anashuka kutoka upande wa Minembwe kwa pikipiki, godoro limefungwa nyuma, na kila mmoja anashuka na habari yake. Mambo yakiharibika, nipige simu, hata kama yeye hayupo atatuma gari, na kabla chai haijachemka tuko njiani. Kwa hiyo, alisema, kuna masharti kidogo. Tusijenge ukuta wowote ulioshikana na remorki. Tusimwage simenti. Binti yangu alikuwa ameanza kupanga mawe ya baraza mbele ya mlango, hayo yaondolewe. Na mbele ya pua pasipandwe kitu. Njia iwe wazi wakati wote.

Binti yangu alisimama na birika mkononi, akanitazama.

Nilimuuliza mwanangu: miguu hii umeileta ili nyumba isimame, au ili ikimbie? Akasema yote mawili, mama, ndiyo uzuri wake. Nikamwambia ninataka kitu kimoja. Tuchimbe, tujenge nguzo za mawe na simenti pembe nne, remorki ikae juu yake, magurudumu yatolewe, pua ikatwe na fundi wa kuchomelea. Kisha nipande migomba mahali pua ilipokuwa. Miguu yake ya chuma aende nayo, itamfaa kwa lori.

Sijawahi kumwona mwanangu amekasirika na mimi. Hakupaza sauti. Alikaa juu ya pua ile ya chuma, akafuta mikono na kitambaa, kidole kwa kidole.

"Mama," akasema, "mi ndiye nilikuwa nachota maji mu ile boti."

Shemeji alitazama chini.

"Nilikuwa nachota na bakuli," akaendelea. "Nilijiambia, siku moja mama yangu atakimbia ndani ya kitu kikavu. Na kitanda. Na mulango. Sasa nimekupatia, unasema nikate."

Nilimwangalia mkono wake. Ni mkono mkubwa wa dereva sasa. Na huenda ana haki. Simwambii mtu kwamba mwanangu ni mjinga, kwa sababu si mjinga. Milima anaisikia kuliko mimi, barabara inamwambia. Lakini yeye alipotoka kwenye ile boti alikuwa kijana, akatia moyoni kwamba safari ijayo itakuwa bora. Mimi nilipotoka nilikuwa mama mzima, na nilitia moyoni kitu kingine. Nikamwambia polepole, ili asidhani ni hasira:

"Hapana. Sitalala tena mu kitu yenye iko inangoja safari."

Akasema nitalala wapi basi. Niliingia ndani, nikavuta godoro langu, na binti yangu akanisaidia upande wa pili. Tukalipeleka jikoni, kwenye lile jiko la udongo lililoezekwa manjanja ya nyumba ya zamani. Sakafu yake haiko sawa hata kidogo. Mawese ukiyamwaga humo yatakwenda yanakotaka. Nikatandika kati ya mafiga na magunia ya mkaa. Shemeji alichungulia mlangoni, akasema shemeji umehama kutoka Ulaya umerudi Baraka kwa mwendo mfupi sana. Nikamwambia apite, hapa hakuna pua ya kunyanyua.

Mwanangu aliirudisha remorki juu ya miguu yake, akahakikisha kiputo kiko katikati, kwa sababu yeye kazi haiachi nusu. Binti yangu na watoto wake walilala humo, na nilimwambia alale, mimi sina ugomvi naye. Kila mtu na uchovu wake; wake bado mdogo, unaweza kubebwa na magurudumu.

Siku ya kuondoka kwake mwanangu alikuja mlangoni mwa jiko asubuhi. Nilikuwa nasonga ugali, moshi umejaa. Hakuingia. Alisimama akishika fremu ya mlango, ileile fremu ambayo baba yake aliipiga randa, na akazungumza na mgongo wangu. Aliniomba nirudi ndani. Aliniambia ameongea na binti yangu, baraza la mawe ameliruhusu, mradi lisiguse bati. Aliniambia mgomba mmoja, pembeni, si mbele ya pua, hauna neno. Nilijua kila kitu alichokiachia kilimgharimu, na niliendelea kusonga, kwa sababu ugali ukiuacha unashika chini.

Kisha akaniuliza, kwa ile sauti yake ya zamani kabla haijabadilika, kama mambo yakiharibika na mimi niko humu jikoni, yeye afanye nini.

Nikaipua sufuria, nikaiweka chini, nikageuka nimtazame usoni.

"Hapana," nikamwambia. "Sitalala tena mu kitu yenye iko inangoja safari."